Namba Mbili Hadi Mombo

Barabara ya kutoka Lushoto kuteremkia Mombo ina urefu wa kilomita 33 hivi, na kila kilomita ina mwalimu wake wa udereva. Ningefurahi kama walimu hao wangekuwa wamesimama kando ya barabara, nikawapungia mkono na kupita zangu. Bahati mbaya wote huwa wamepanda gari langu, na hakuna hata mmoja aliyechangia mafuta.

Sisi watu wa Lushoto hatuna ujanja. Ukitaka kwenda popote pale, iwe Tanga kwa kesi, Dar es Salaam kwa msiba au Makka kwa hija, lazima kwanza ushuke. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, tunakoikuta barabara kuu ya Arusha, iko mita 400 na ushei. Hizo zaidi ya 900 zilizo katikati hakuna wa kukusamehe. Utazishuka zote, kona kwa kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Waliosema ukipanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma walikuwa wanausingizia mti wa watu. Hawajashuka Soni na shangazi kiti cha nyuma, magunia ya viazi kwenye buti, na shemeji kutoka Dar kiti cha mbele.

Hata Wajerumani, ambao hawakuwa watu wa kuogopa kazi hasa ikifanywa na watu wengine, waliufikiria mlima huu mara mbili. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikautazama mlima, ikaendelea zake na tambarare kuelekea Moshi. Mji wenyewe waliupenda, wakaupa jina la kaizari wao, Wilhelmsthal, lakini garimoshi halikupanda. Mbao za mierezi za kule Shume waliziteremsha kwa waya hadi Mkumbara, zikining'inia hewani. Mimi naona walikuwa na akili. Waya ule ungekuwepo hadi leo, ningemlipia shemeji nauli, tena daraja la kwanza.

Ngoja nilalamike kidogo kwa hesabu, maana nikilalamika kwa maneno matupu naambiwa ni uzee. Gari dogo lenye watu na mizigo tuseme lina kilo 1,400. Lilipopanda lilichoma petroli kujiinua, na ile nguvu haikupotea, iliwekwa akiba huku juu. Siku ya kushuka akiba yote inatolewa, utake usitake. Ukichukua uzito huo na mita zile 900 na zaidi, unapata joto la kutosha kuchemsha karibu ndoo mbili za maji, zile kubwa za lita 20, kuanzia maji ya baridi ya bombani. Upepo na matairi vitachukua sehemu. Inayobaki lazima ipate pa kwenda, na pa kwenda ni pawili tu: kwenye mashine au kwenye breki. Mashine ina rejeta, ina feni, ina maji ya kuipoza, yaani ilizaliwa kwa ajili ya kupata moto na kupoa. Breki ina kilo chache za chuma na upepo wa barabarani basi.

Kila gunia unaloongeza linaongeza deni hilo. Nilipowaeleza wageni wangu jambo hili, walinisikiliza kwa heshima kubwa, wakaniambia kweli wewe umesoma, kisha wakapakia kabichi.

Kabichi, karoti, mapeasi, viazi. Mtu wa Dar es Salaam akija Lushoto haondoki mpaka ahakikishe mlima umebaki mtupu. Ukimuuliza anasema huku ni bei rahisi. Bei ya pedi mpya za breki haimo kwenye hesabu yake, kwa sababu pedi ni zangu.

Dawa ya breki kupata moto ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kabla hujauanza mteremko, weka gia nzito, uache mashine ilishike gari. Madereva wa zamani wa malori walikuwa na kanuni yao, gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Kama mlima uliupanda kwa namba mbili, basi uteremke kwa namba mbili. Mguu ukitoka kwenye mafuta, pistoni zinaendelea kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa, zinahangaika, na ule uhangaikaji ndio unaolizuia gari lisikimbie. Hakuna kinachosagika wala kinachonuka. Hapo breki unaziweka akiba kwa ajili ya kona, mbuzi, na bodaboda aliyebeba godoro.

Shemeji yangu hakubaliani na mpango huu. Yeye ni dereva wa Dar es Salaam, na mteremko mkali kuliko wote aliowahi kuushuka ni ule wa daraja la juu pale TAZARA. Lakini amemiliki magari, na kwetu mtu aliyemiliki magari haulizwi alikuwa anayapeleka wapi.

"Shemeji, mbona mashine inalia?"

"Iko namba mbili, shemeji."

"Utaiua."

"Haifi."

"Mimi nakwambia. Hiyo mashine ni ya Kijapani, haikuzoea kuteswa."

Nikamwonyesha mshale. Mashine ilikuwa inazunguka mara 3,500 kwa dakika, na ile alama nyekundu ya hatari inaanzia huko juu, 6,000 na kitu. Nikamwambia Japani kwenyewe ni milima mitupu, waliotengeneza gari hili wanashuka kuliko sisi. Akanyamaza mpaka kona iliyofuata, kisha akauliza tena mbona mashine inalia.

Tatizo ni kwamba mashine ikifanya kazi yake inasikika, na breki zikiungua zinaungua kimyakimya. Mtanzania anaogopa kelele. Moshi hauogopi, anadhani kuna mtu anachoma majani.

Halafu kuna hizi herufi. Mkono wa gia wa otomatiki una D, na chini yake kuna nyingine: wengine wana 2 na L, wengine S, wengine B. Watu wananunua gari, wanaishi nalo miaka, wanalizalia watoto ndani ya familia, wanaliuza kwa jirani, na hawajawahi kuuteremsha mkono chini ya D hata siku moja. Wanadhani zile ni urembo, au ni za mafundi. Jirani yangu mmoja aliniambia L maana yake ni "lori", kwa hiyo gari dogo halihusiki. Nilitaka kumbishia, nikakumbuka kwamba kwa mteremko wa Soni hajakosea sana.

Sasa, wakati shemeji anataka niondoe gia, shangazi huko nyuma anataka nisiondoe mguu.

"Kanyaga breki, baba. Kanyaga!"

"Shangazi, gari limeshikwa na gia."

"Mimi sijui gia. Kanyaga."

Kwa shangazi, mguu ulio juu ya breki ni imani, na mguu ulioinuka ni ukafiri. Kila nikiuinua anaanza dua kwa sauti. Angependa niukanyage kidogo tangu Lushoto hadi Mombo bila kuachia, na hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote, maana pedi haziachani na diski hata nukta moja, na joto halipati nafasi ya kutoka. Utaratibu ninaoufuata ni kuchagua mwendo, tuseme 40. Gari likizidi, nakanyaga kwa uzito mpaka lirudi 30 na kidogo, naachia kabisa, upepo unapita. Likizidi tena, nakanyaga tena. Shangazi anaona nacheza.

Na mwendo wenyewe ndio siri ambayo hakuna anayeitaka. Mlima ni uleule na joto la kulipa ni lilelile, lakini ukiteremka kwa 30 badala ya 60, joto linakuja kwa nusu ya kasi, na diski zinapata muda mara mbili wa kulitoa. Hakuna kifaa cha kununua, hakuna fundi wa kumlipa. Ni kwenda taratibu tu. Ndiyo maana dawa hii haijapata soko.

Haijapata soko hasa kwa wale walioko nyuma yangu. Ukienda kwa 30 kwenye barabara nyembamba ya milimani, nyuma yako unajikusanyia ukoo. Kuna anayewasha taa, kuna anayepiga honi, kuna kijana wa Noah aliyekaribia sana hadi naona anatafuna nini. Mimi si mtu wa kuzuia maendeleo. Nikipata penye upana nasogea pembeni, wanapita, wanapita, mmoja ananitazama kwa huruma ile wanayotazamwa wagonjwa. Kisha naingia tena barabarani na shemeji anasema, "Umeona? Hata Fuso ya kabichi imetupita."

Ningependa sana kuwaambia kwamba tulimkuta yule wa Noah huko chini, kando ya barabara, magurudumu yanafuka moshi na abiria wameshika vichwa. Ingekuwa hadithi nzuri. Tulimkuta Mombo anakula mahindi ya kuchoma, mzima wa afya, keshasahau kwamba alishuka mlima. Hilo ndilo linaloniudhi kuhusu breki. Zinamsamehe mjinga leo, kesho, na mwezi ujao, zinamtia kiburi, na hazimpi taarifa ya siku zitakayochoka.

Lakini hao wana nafuu kuliko watu wa fri. Msomaji ambaye hajui fri ni nini ana bahati na ningependa kupanda gari lake. Kupiga fri ni kutoa gia kabisa kwenye mteremko, gari likajiendea lenyewe, eti kubana mafuta. Huu ni ubahili ambao hata hesabu yake haitoki. Gari la kisasa la petroli likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, linateremka huku sindano za petroli zimefunga kabisa. Halinywi hata tone. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha mashine. Ukiweka fri, mashine inabaki peke yake, na ili isizimike inabidi inywe. Kwa maneno mengine, bahili wetu anaunguza breki, anahatarisha maisha ya watu, na bado anatumia mafuta mengi kuliko mimi mwoga. Zamani, enzi za kabureta, alikuwa na hoja ndogo. Kabureta zimeondoka, hoja amebaki nayo.

Kuna wa daraja la juu zaidi, huyo anazima na mashine yenyewe. Mashine ikizimika, msaada wa breki unabakia wa kukanyaga mara mbili tatu, basi. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu, na usukani nao mzito. Na ukiwa umechomoa ufunguo kwa kujisahau, usukani unajifunga. Nilimsikia mtu akijisifu hivyo kwenye harusi, amevaa suti. Nilimwangalia mkewe. Alikuwa anatazama chini.

Tukiacha madereva, tuje kwa mafundi, maana sitaki waone wametengwa. Breki fluidi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, taratibu, mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya digrii 205. Ikishakunywa maji yake, kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikichoka. Sasa kumbuka diski kwenye mteremko mrefu inaweza kupita digrii 300 bila kukuuliza, na fluidi iko hapo hapo jirani. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, unabonyeza hewa, pedeli inazama hadi sakafuni na gari linaendelea na safari. Ndiyo maana inashauriwa kuimwaga yote na kuweka mpya kila baada ya miaka miwili hivi.

Nilimpelekea fundi maneno hayo. Akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga.

"Mzee, fluidi ipo. Imejaa."

"Najua ipo. Nataka uibadilishe."

"Ibadilishwe ya nini, na haijapungua?"

"Imezeeka."

Akanitazama. Akasema, "Mzee, fluidi haizeeki. Fluidi inaongezwa." Na aliponiona nang'ang'ania, akaita mwenzake aje asikie, wakacheka kwa adabu. Nimeshasikia pia wapo wanaoongezea maji ya sabuni, na niliposikia hivyo niliomba tubadilishe mazungumzo.

Pedi nazo ni mtihani. Dukani kuna za aina mbili, orijino na orijino kabisa. Zote zinatoka kwenye boksi moja. Ukiuliza tofauti unaambiwa hii ni ya Dubai. Sina ugomvi na Dubai, ila najua kwamba mji ule uko jangwani kando ya bahari, na sioni ni mteremko gani wa kwao walikozijaribia. Pedi mbovu kwenye tambarare huzijui, zinasimamisha gari vizuri tu mbele ya shule na kwenye taa. Zikipata moto ndipo zinapoanza kutoa gesi na kuteleza. Wewe unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari linapunguza mwendo kwa hiari yake.

Mtu akitaka kuona watu wanaoijua kazi hii, aende Kitonga, barabara ya kutoka Iringa kuteremkia Ruaha Mbuyuni. Pale malori ya kwenda na kurudi Zambia yanashuka kwa mwendo wa maiti. Lori la mizigo kwa sheria zetu linaweza kufika tani 56, yaani magari 40 ya ukubwa wa langu yakiwa yamefungwa kamba moja. Dereva wa lori hilo haanzi mteremko huku anatafuta gia. Ameshaiweka juu, kabla ya kona ya kwanza, maana anajua lori likishakimbia, gia nzito haiingii tena na hapo ndipo anapobaki na fri asiyoiomba. Ana breki ya mashine inayobana moshi wa ekzosi, anaisikilizia, mguu wake hauna papara. Na nyuma yake kuna msururu wa magari madogo yanayompigia honi. Wanamwita mzembe. Nimeshawahi kukaa kwenye msururu ule, na shemeji wa mtu mwingine, si wangu, akatoa kichwa dirishani kumfundisha kazi dereva mwenye tani 50 mgongoni.

Narudi kwetu. Tukifika Soni huwa nasimama. Naambiwa ni kwa ajili ya kuwanunulia wageni plamu na kutazama maporomoko ya maji, na mimi siwakatazi kuamini hivyo. Ni kwa ajili ya breki. Kama kuna harufu ya kitu kuungua, harufu ile kali isiyofanana na majani, napumzika mpaka ipotee, na handbreki siivuti kwa nguvu wakati breki za nyuma zimewaka moto. Natafuta penye usawa, naweka P, naweka na jiwe. Shangazi anashuka kunyoosha miguu. Shemeji anashuka, anazunguka gari, anapiga matairi teke, kila tairi teke moja. Sijawahi kumuuliza teke lile linampa habari gani.

Kutoka Soni kushuka ndiko kwenye kona zenyewe, na ndiko alikonitolea hoja yake ya mwisho. Kwamba wenye magari yao Dar wanaendesha miaka na miaka bila kugusa hiyo namba mbili, na wako hai. Nikamwambia ni kweli, na wenye mitumbwi ya Ziwa Victoria nao hawajawahi kuigusa. Akasema mimi mtu wa ubishi. Shangazi akasema tukae kimya dereva aangalie barabara, kanyaga breki baba.

Tukafika Mombo. Joto la Mombo linakupokea mlangoni. Kabla sijafungua mlango, kijana wa kuosha magari alikuwa ameshafika na ndoo ya maji ya baridi, analenga gurudumu la mbele.

"Wewe kijana, usimwagie hapo!"

"Zina moto, mzee. Nazipoza."

"Diski ya moto ukiimwagia maji ya baridi inapinda. Nikikanyaga breki huko mbele usukani mzima utatetemeka."

"Mbona Fuso zote tunazimwagia?"

"Na Fuso usizimwagie. Acha zipoe zenyewe kwa upepo."

Kijana akasimama na ndoo yake, akanitazama mimi, akamtazama shemeji aliyekuwa anajipepea na gazeti upande wa pili wa gari. Akaniambia basi ngoja aanze na yale ya nyuma, kwa sababu yule baba pale keshamlipa ya magurudumu yote manne.